Maji ya Udhu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, ingawa tangu siku ile sina tena pa kuwahi. Kisha mkaniomba niandike mambo ya kazini ili wanaoanza wapate pa kushika. Haya, naandika. Ila mkitafuta humu nilipandaje cheo mtatoka mikono mitupu, maana hata mwenyewe nimesahau, na mishahara ya enzi zile ni aibu kuitaja mbele za watu. Nitawasimulia zaidi kazi moja ya huko nyuma ya Mbagala. Hiyo ndiyo iliyonifunza nyingine zote, na ndiyo niliyoibeba kifuani miaka kadhaa kabla sijashusha pumzi.

Nilipoanza, neno lenyewe "mazingira" watu walikuwa hawajalizoea. Ukisema wewe ni mtu wa mazingira, unaulizwa kama ni wale wa kufagia au wale wa kukagua vyoo. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani zetu Kinondoni kwamba mwanawe yuko "usafi mkubwa", akaona ameniheshimisha. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino na sketi ya kupiga pasi, nikapelekwa kuchota maji ya mfereji mmoja nyuma ya viwanda. Aliyenipeleka ni Mzee Komba, mtaalamu wa udongo, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wangu. Akaviangalia viatu, akauangalia mfereji, akaniuliza, "Zuhura, hivyo viatu vimekuja kazini au vimekuja kuchumbiwa?" Nilirudi nyumbani peku.

Mzee Komba alikuwa mtu wa Songea, mfupi, hasira zake karibu na kicheko chake karibu. Alikuwa hapendi ramani. Kwake ramani ilikuwa maoni ya mtu aliyekaa kivulini, mpaka uende ukakanyage mwenyewe. Udongo aliufinyanga, akaunusa, na pale alipodhani simtazami aliuonja. Ndiye aliyenifundisha keekee ya udongo: fimbo ya chuma yenye meno chini, unaizungusha kwa mikono miwili mpaka mabega yanalia, ukiivuta inakuletea udongo wa chini ulivyo. Nyie leo mna mitambo ya kuvutwa na gari. Sie tulikuwa na keekee, tepu, chaki, na chupa za sampuli tulizozichemsha kwenye sufuria la chai la ofisi. Barafu ya kupozea sampuli tulinunua kwa wauza samaki, kwa hiyo maji yetu yote yalifika maabara yakinuka nguru.

Basi, miaka ile ya tisini ilipoanza kuchanganya, mji ulikuwa umefunguliwa. Mitumba kila kona, maduka ya vitu vya nje, kila mwenye nafasi anajenga. Upande wa pili, viwanda vya umma vilikuwa vinapunguza watu, na kupunguza ndiyo neno lililotumika, utafikiri ni chumvi kwenye mchuzi. Bwana Mwita alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo, mtu wa Mara, sauti nzito, anaongea na wewe kama anaongea na mashine iliyokwama. Yeye na wenzake waliunda umoja wa kujenga nyumba. Wakapata ardhi kwenye mteremko nyuma ya Mbagala, mashamba ya minazi ya zamani ambayo wenyewe walikuwa wameshalipwa fidia. Wakapata na mkopeshaji kutoka nje. Sheria ya kulazimisha tathmini ya mazingira ilikuwa bado haijazaliwa, lakini mkopeshaji alitia sharti: ripoti kwanza, na iwe kabla ya masika. Ripoti ikichelewa au ikikataa, mkopo hakuna, na ardhi anapewa mwingine aliyekuwa anaimezea mate.

"Dada," Bwana Mwita aliniambia siku tuliyoonana, "nyumba tunazokaa ni za kiwanda. Kiwanda kimetutoa, sasa kinataka na nyumba zake. Mimi nina watoto, wenzangu wana watoto. Wewe andika vizuri tu."

Nikamwambia nitaandika nitakachokiona. Jibu zuri hilo, mlitumie. Ubaya wake ni kwamba unaweza usione.

Chini ya mteremko kulikuwa na bonde, na bondeni walikaa wenyeji wa siku nyingi, ambao ardhi yao haikuguswa na mradi. Walipotuona na keekee na vigingi, walifanya hesabu zao mbili. Kwanza, wapima ardhi wamekuja, kwa hiyo zamu yetu ya fidia imefika. Kwa watu wa pwani mnazi ni mali ya aliyeupanda, hata ukiwa kwenye ardhi ya mwingine, na fidia inahesabiwa kwa mti. Pili, hawa wanajiita watu wa mazingira, na mazingira ni sawasawa na bwana afya, na bwana afya ana historia na visima. Wakapitisha azimio: minazi ionekane, visima visionekane.

Sisi hatukujua lolote. Tulichoona ni bonde lililoota minazi michanga kila hatua, mingine imeinama, mingine makuti yamenyauka. Mzee Komba alishika mmoja akautikisa, ukacheza kama jino bovu.

"Hii minazi imekuja lini?" akauliza.

Aliyetupokea alikuwa Bi Mwanahamisi, mama wa makamo, kanga mbili, tambuu shavuni, ndiye aliyesikilizwa na watu wote wa bonde lile. Hakupepesa jicho. "Ipo siku zote, baba. Nyie ndiyo hamjawahi kuja."

"Na visima?"

"Visima? Hapa hapana kisima. Sie maji twanunua."

Tukazunguka bonde zima. Mihogo, migomba, marundo ya makuti makavu hapa na pale, kisima hatukukiona. Mzee Komba alicheka kwa minazi ile njia nzima ya kurudi, na nadhani kicheko kilitufumba macho. Tukishamkamata mtu kwa uongo mmoja, huwa hatukumbuki kuuliza kama anao wa pili. Ofisini nikaandika rasimu: wakazi wa bondeni hawatumii maji ya ardhini. Nyumba za mteremkoni, na mashimo yake ya vyoo, hazina wa kumdhuru. Bwana Mwita alipoambiwa hivyo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Zilibaki tundu chache za keekee tukazimalizie. Tulirudi siku moja ya jua kali, na adhuhuri ikatukuta kule. Mzee Komba, Mkristo asiyekosa ibada ya mapema, alikaa ndani ya gari na mihogo yake ya kuchoma. Mimi nikashuka bondeni, nikapiga hodi kwa Bi Mwanahamisi.

"Shikamoo, bi mkubwa. Naomba maji nitawadhe."

"Marahaba, mwanangu." Alisimama mlangoni kidogo, kama mtu anayetafuta alipoweka ufunguo. Angeweza kuniambia maji yamekwisha. Lakini maji hanyimwi mtu, na ya udhu ndiyo kabisa. Akaingia ndani, akatoka na ndoo na kopo, akanitandikia mkeka na kuniazima kanga.

Nikanawa viganja. Nikatia maji mdomoni kusukutua, na hapo nikasita. Yalikuwa baridi, na yalikuwa matamu, hayana chumvi wala harufu ya dumu, na ulimini ikabaki chembe ya mchanga. Maji ya mkokoteni saa saba mchana yanakuwa vuguvugu ya kuogeshea mtoto. Nikamaliza udhu, nikaswali, na Mungu anisamehe, rakaa zote nne akili ilikuwa kwenye ndoo.

Nilipotoa salamu nikamgeukia. "Bi mkubwa, maji haya ya wapi?"

"Ya kununua."

"Kwa nani?"

"Kwa wa mkokoteni."

"Mkokoteni gani unaoleta maji baridi hivi, na mchanga ndani?"

Akatafuna tambuu yake taratibu. Akatema pembeni. "Udhu bado unao?"

"Ninao."

"Basi niambie kabla haujatenguka. Mtu hasemi uongo na udhu wake. Nikikuonyesha, mtavifukia?"

Akanieleza. Mwaka mmoja wa kipindupindu walikuja watu na lori la kifusi, wakavijaza visima viwili vilivyokuwapo, wakaahidi bomba, wakaenda zao. Bomba halikuja. Wanawake wa bondeni wakawa wanapanda mpaka barabarani kutafuta maji, na mja mzito mmoja alianguka na ndoo mlimani. Huyo alikuwa binti yake. "Mtoto hakukaa," alisema, akaishia hapo.

Kazini kuna majibu ya watu wazima: itategemea matokeo, tutashauriana na wahusika. Nilikuwa nayo yote. Lakini mwanamke yule ananitazama usoni, nami maji yake hayajakauka mikononi mwangu. Nikasema, "Kwa ripoti yangu mie, hakitafukiwa hata kimoja."

Akainuka, akashika rundo la makuti lililokuwa nyuma ya jiko, akalivuta. Chini yake kulikuwa na mbao, na chini ya mbao maji yanang'aa. Kila rundo tulilolipita siku ile lilikuwa kisima kilichochimbwa baada ya lile lori.

Nilipomwambia Mzee Komba, mhogo ulimkwama. "Umeahidi? Nani alikutuma kuahidi? Mtathmini haahidi, Zuhura. Mtathmini anapima." Alifoka mpaka akachoka, kisha akafunga chakula chake na kutoa keekee. "Haya, twende tukapime hiyo ahadi yako."

Kupima kwenyewe si uchawi. Unapaka chaki kwenye tepu, unaishusha kisimani, palipolowa ndipo maji yalipo. Unafanya hivyo kila kisima na kila tundu la keekee, kisha kwa darubini ya wapimaji, ambayo tuliiazima kwa kubembeleza, unajua maji ya wapi yako juu kuliko ya wapi. Maji ya chini ni kama ya juu, yanateremka. Na yetu yalikuwa yanateremka kutoka chini ya mteremko wa Bwana Mwita moja kwa moja hadi visima vya Bi Mwanahamisi, tena kwenye mchanga, ambao hauzuii kitu. Mashimo ya vyoo vya nyumba zile yangemwaga uchafu wake kwenye ndoo niliyotawadhia.

Bwana Mwita alikuja ofisini alipopata habari. Hakuja kugombana. "Dada, si jambo gumu. Andika visima vifukiwe, mkopeshaji alete bomba. Wao wapate maji, sisi tupate nyumba."

"Bomba la kutoa nini? Huko juu barabarani lenyewe linatoa upepo."

"Sasa unataka watoto wangu walale wapi?"

Swali hilo ndilo nataka mlijue nyie mnaoanza. Mtafundishwa kwamba upande mmoja kuna mazingira na upande mwingine kuna tajiri mbaya. Mimi upande mmoja nilikuwa na mama aliyepoteza mjukuu, upande mwingine baba anayetolewa nyumbani, na katikati nina ahadi niliyoitoa na udhu. Hata Mzee Komba alishauri tufukie. "Bomba likikosa maji, si kosa la ripoti," akasema. Kisha akaona uso wangu, akasema kuna kona moja ya ardhi ile hatujaitoboa kwa sababu iko mbali na kuna upupu.

Tukaenda kwenye upupu. Sitasimulia kujikuna. Nyuma ya mgongo mdogo wa ardhi, ambao kwa macho usingeuona, keekee ilianza kutoa udongo mwekundu mzito, unaoshika kama ugali uliolala. Mzee Komba aliunusa, akaniambia nishushe tepu. Huko maji yalikuwa chini zaidi, na tulivyozidi kwenda mbele yalizidi kushuka, yakielekea upande wa pili, kwenye matete, ambako hakuna mtu wala kisima. Tukapima tena. Tukapima na kesho yake. Ardhi ile ilikuwa na mapaa mawili, na sisi siku zote tulikuwa tunatazama upande mmoja wa nyumba.

Njia ikawa imepatikana, ila si ya bure. Vyoo vyote vivutwe kwa mabomba hadi mashimo ya pamoja upande wa udongo mwekundu, na ukanda wote wa juu ya visima ubaki wazi, usijengwe nyumba wala kuchimbwa choo. Kwa umoja wa Bwana Mwita maana yake ilikuwa viwanja kupungua, na viwanja walikuwa wameshavipigia kura. Kikao kiliitishwa chini ya turubai pale pale mteremkoni. Waliopata ukandani walisema hawatoki. Waliopata kwingine walisema pole, bahati ni bahati. Mtu mmoja akauliza kwa sauti nilihongwa nini na watu wa bondeni, nami nikatamani kumjibu kwamba nilihongwa ndoo ya maji.

Bwana Mwita akasimama. Kiwanja chake mwenyewe kilikuwa ukandani, nilikuwa najua. Akasema, "Nyote mmeshika kitambaa maisha yenu. Kitambaa kikiwa kifupi, nani kati yenu anashona shati la mkono mmoja? Unapunguza kote." Akakaa. Kelele ziliendelea, si mnatujua, lakini zilikuwa kelele za watu walioanza kupiga hesabu. Kabla ya alasiri walikubaliana kila kiwanja kipungue upana, asiachwe mtu.

Ripoti ilifika kabla ya masika. Mkopeshaji aliikubali, nyumba zikajengwa, ndogo, zimebanana, na Bwana Mwita akahamia na wanawe. Visima vikabaki. Minazi ya kuhamishwa ilikauka karibu yote, isipokuwa michache iliyoamua kusamehe. Mzee Komba akastaafu akarudi kwao, na siku anaondoka aliniachia keekee na onyo moja: "Usiahidi tena." Sijaahidi tena mpaka nimestaafu.

Lakini sikuwa nimepumua. Karatasi inasema maji yanaelekea kule, maji yenyewe hayajui kusoma. Kisha ikaja mvua ile ya El Nino, mnaikumbuka au mmesimuliwa. Mji mzima ulifurika, mashimo yakafumuka, na kipindupindu kikaanza kutajwa redioni. Kila nikifumba macho naona mashimo ya upande wa udongo mwekundu yamejaa, yanapanda ule mgongo, yanamwagikia bondeni. Kama yangepita, basi waliotaka kuvifukia visima ndio waliokuwa na huruma kuliko mimi.

Barabara ilipopitika nilienda na chupa zangu na barafu ya nguru. Bi Mwanahamisi alikuwa amezeeka kidogo, tambuu ile ile. Nikachota kisima kwa kisima. Akaniletea maji kwenye kikombe, kama kawaida yake. Nikakishika, nikashindwa kukipeleka mdomoni. Nikamrudishia.

"Nitakunywa nikirudi, bi mkubwa."

Alikitazama kikombe, akanitazama na mimi. Akajua. "Haya," akasema. "Sie tunaendelea kuyanywa."

Siku za kusubiri maabara sikuwa mtu wa kuongeleshwa. Nyumbani walinipisha njia. Majibu yalipotoka, yule wa maabara alinisomea kisima cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Nikamnyang'anya karatasi nikamalizia mwenyewe, nimesimama mlangoni watu wanashindwa kupita. Vyote. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa waliosubiri vipimo vyao nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaomba mtu aniletee soda.

Nilikwenda bondeni kesho yake. Bi Mwanahamisi alikuwa anakuna nazi uani. Sikumaliza hata salamu.

"Nimekuja kunywa maji yangu," nikamwambia.

Akaweka mbuzi ya nazi pembeni, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda mwenyewe kisimani. Alirudi na kile kikombe. Kabla hajanipa, akanywa yeye kwanza, mafunda mawili makubwa, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe.

"Usije ukasema nimekulisha sumu," akasema.

Akanipa. Baridi yale yale, na chembe ya mchanga chini. Nikayamaliza. Akapokea kikombe kitupu, akakigeuza akakikung'uta, akarudi kwenye nazi yake.

"Ule udhu wako, mwanangu," akasema akiwa ameinama, "mpaka leo haujatenguka."